AC ya IST inapoza gari likitembea, foleni ikishika inageuka jiko. Nimejaza gesi mara 2, nisaidieni kabla sijanunua kompresa

#1 Mlala Temboni

Wakuu habari za majukumu.

Nina Toyota IST ya cc 1500, huu mwaka wa tatu ninayo. Naishi Kimara Temboni, kibarua kipo Posta. Tangu mwezi wa pili AC imeanza kunifanyia visa. Nikitoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri inapoza safi, mpaka nageuza matundu yasinipulize machoni. Nikifika Ubungo foleni ikakaza, dakika 10 hewa inakuwa vuguvugu, dakika 15 ni hewa ya jikoni. Nikishavuka Magomeni gari likaanza kutembea, baridi inarudi yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Jioni ndiyo msiseme. Jua la saa 10, foleni kuanzia Fire, nafika nyumbani shati limegandana na siti.

Jumapili nilienda Kibaha kwenye msiba, baridi njia nzima.

Fundi wa kwanza hapa mtaani alisema gesi imepungua, akajaza kwa elfu 60. Siku nne nikaona kama nafuu, kisha palepale. Wa pili akaongeza tena kwa elfu 50, na tangu hapo hali ni mbaya zaidi, sasa hata njia ikiwa nyeupe baridi si ile. Wa tatu juzi hata boneti hakufungua. Alinisikiliza, akasema kompresa (pampu ya gesi ya AC) imechoka, niandae laki 3 na nusu ya kompresa used pale Ilala, na elfu 80 ya ufundi.

Sasa laki 4 na elfu 30 si hela ya kutoa kwa kusikilizwa tu. Mwenye uzoefu anisaidie.

#2 Kakakuona

Pole mkuu. Shusha vioo, upepo wa Mungu hauna elfu 60. Mimi tangu 2014 natumia huo huo.

Naweka kambi hapa nasubiri wataalam.

#3 Bwana Nati

Kompresa hiyo, usizunguke. Kwenye Vitz yangu ilikuwa hivyo hivyo. Kompresa ikichoka, gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) haiwezi kusukuma, ukikanyaga mafuta inapata nguvu ndiyo maana barabarani unaona baridi. Nunua used, weka, maisha yaendelee.

#4 Geji Mbili

Bwana Nati unaweza kuwa sahihi, kompresa iliyochoka kweli inatoa dalili hiyo. Tatizo ni kwamba dalili hiyo hiyo inatolewa na vitu vingine ambavyo ni rahisi kuliko kompresa. Nimefanya AC za magari miaka kadhaa, na kompresa nyingi ninazoletewa kama "mbovu" nikizifunga kwenye gari jingine zinafanya kazi.

Mtoa uzi, kwanza tuondoe hili la gesi. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile leo na kesho. Ikipungua maana yake kuna mahali inatoka, na anayeongeza bila kutafuta inapotokea amekuuzia siku chache za baridi. Kweli, ikipungua kidogo inaweza kuonekana foleni tu, lakini inavyozidi kutoka baridi inapotea kote. Ingekuwa pungufu sana, hata njia ya Kibaha ungesikia.

Naomba majibu ya haya:
Mafundi wote hao, kuna aliyefunga geji mbili, ya bluu (upande wa presha ndogo) na nyekundu (upande wa presha kubwa), injini ikiwa inawaka? Baridi ikikata, kile kibao cha mbele cha kompresa kinazunguka au kimesimama na puli inazunguka peke yake? Na feni ya rejeta inawaka ukiwasha AC?

#5 Mlala Temboni

Shukrani mkuu.

Geji: wa kwanza alikuwa na mpira mmoja tu wenye geji ndogo, alichomeka kwenye bomba nene, akaangalia, akafungua mtungi. Wa pili hakuwa na geji kabisa. Alishika bomba kwa mkono akasema "bado haijashiba".

Kibao sijawahi kuangalia. Feni inawaka, naisikia ikilia kabisa.

#6 Kakakuona

"Bado haijashiba" 😂😂 Mkuu umelishiwa gari kama mtoto.

#7 Mama Wawili

Angalia na chujio la hewa, lipo nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Langu nilikuta limejaa majani makavu na manyoya ya panya, hewa ilikuwa inatoka kama mtu anapuliza chai. Nililipa elfu 15 tu, AC ikawa mpya.

#8 Geji Mbili

Mama Wawili uko sahihi, na ni kitu cha kuangalia kabla ya vyote kwa sababu ni bure. Ila dalili yake ni tofauti: chujio likiziba hewa inatoka kidogo lakini ni ya baridi. Ya mtoa uzi inatoka kwa nguvu ila ya moto. Hizi kesi mbili mtu asizichanganye, moja ni ya upepo, nyingine ni ya ubaridi.

Sasa mtoa uzi, nieleze kwa urefu kidogo, vumilia.

Gesi ya gari lako ni R134a. Ukiiachia hewani inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ndiyo maana ikikurukia mkononi inaunguza kama barafu. Kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, inapelekwa kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa, na pale ndipo inapotakiwa kutupa joto na kugeuka maji. Yale maji yakipita kwenye kitundu cha ekspansheni na kuingia evapereta iliyo ndani ya dashibodi, yanachemka upya, na joto la kuchemkia yanalitoa kwenye hewa unayopulizwa. Kwa hiyo baridi yako yote inategemea joto kutupwa pale mbele. Na Dar yetu ya mwezi wa pili, hewa ya nje nyuzi 32 au 33, lami inawaka, mbele yako daladala linakupumulia moshi. Kondensa isipopata upepo haina pa kulitupa.

Gari likitembea upepo unakuja wenyewe. Likisimama, upepo wote ni wa feni. Unaona ninakoelekea.

Na hapa geji ndizo zinazoamua ugomvi kati yangu na Bwana Nati. Injini inawaka, AC imewashwa mwisho, gari limesimama: kwa joto letu, mfumo usio na kasoro unasoma bluu kati ya psi 30 na 45 (psi ni kipimo cha presha), nyekundu kati ya 200 na 250. Kompresa ikichoka, bluu inapanda na nyekundu inashuka, zinakaribiana, kwa mfano 70 kwa 120, kwa sababu pampu haitofautishi tena pande mbili. Kondensa ikikosa upepo, zote mbili zinapanda, nyekundu inaenda 300, 350, na zaidi. Kwenye Toyota nyingi ikifika kama 455 swichi ya presha inakata umeme wa klachi ya kompresa (kile kibao cha mbele) ili mpira usipasuke. Gesi ikizidi, nayo inapandisha zote mbili. Ikipungua, zote zinashuka. Fundi mwenye mpira mmoja wa bluu anaona nusu ya habari, na nusu hiyo inaweza kumdanganya.

Kuna jambo jingine mafundi maiko wanadanganyikia. Gari likiwa limezimwa, geji zote zitasoma karibu 95 hadi 105 hapa Dar, uwe na gramu 100 za gesi au 600. Presha ya gari lililozimwa inafuata joto la hewa, haipimi wingi, ilimradi ndani kuna gesi iliyogeuka maji hata kidogo. Lakini ukikuta 150 gari likiwa limezimwa na limepoa, jua ndani si R134a tupu. Ama imeingia hewa, ama fundi friji amekuwekea R22 ya viyoyozi vya nyumbani. Nimeshayaona hayo.

Huna geji, sawa. Fanya jaribio la ndoo. Siku moja jioni ukifika nyumbani hewa ikiwa ya moto, usizime gari. Fungua boneti, chukua ndoo ya maji, mwagia kondensa taratibu kwa mbele kupitia grili, mwenzako akiwa ndani ameshika tundu la hewa. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja, kompresa yako huenda ni nzima na shida ni joto kushindwa kutoka pale mbele. Angalia maji yasilowanishe waya za feni na kisanduku cha fyuzi.

#9 Swala Mweupe

Nadandia uzi wakuu, samahani. Noah yangu ya zamani, ukiwasha AC taa ya kitufe inawaka sekunde kadhaa, kisha inaanza kupepesa na baridi inakata. Ukizima na kuwasha inarudia. Nimeambiwa pia kompresa.

#10 Mlala Temboni

MREJESHO.

Nimefanya ndoo. Nimefika saa 1 kasoro, hewa ya moto, mke wangu amekaa ndani na kipimajoto cha friji tulichokiingiza kwenye tundu la katikati. Kilikuwa kinasoma 24. Nimemwaga nusu ndoo, kikashuka 19, ikaisha ndoo kikawa 15. Mtoto akaomba naye amwage. Baada ya dakika kama tatu kikaanza kupanda tena.

Na kibao cha kompresa kilikuwa kinazunguka muda wote ila kilikata mara moja kwa sekunde chache kabla sijamwaga maji.

#11 Geji Mbili

Safi sana. Huyo aliyekata sekunde chache ndiye swichi ya presha, anakulinda. Kompresa inayopandisha presha mpaka swichi inakata si kompresa iliyochoka. Iliyochoka haina ubavu huo.

Sasa jaribio la karatasi. Injini inawaka, AC imewashwa, feni inalia. Chukua karatasi moja ya daftari, iweke mbele ya kondensa, usawa wa feni. Feni nzima inainyonya karatasi inang'ang'ania kwenye mapezi ya kondensa yenyewe. Ikidondoka, feni ni dhaifu au kati ya kondensa na rejeta pameziba kwa vumbi.

Swala Mweupe: kwenye Toyota nyingi za umri huo taa kupepesa ina maana yake. Kompresa ina sensa inayohesabu mizunguko yake, kompyuta inalinganisha na mizunguko ya injini. Zikitofautiana inaamini kompresa imekwama, inakata ili mkanda usikatike. Mara nyingi kinachoteleza ni mkanda uliolegea au kung'aa, au klachi ya kompresa imelika na nafasi imekuwa kubwa. Nafasi ya klachi kwa nyingi ni kama nusu milimita. Ikizidi sana, sumaku inaivuta ikiwa baridi, ikipata moto inashindwa. Anza na mkanda, kisha plagi ya ile sensa, kutu ya plagi tu inatosha kupepesha taa. Kompresa iwe ya mwisho.

#12 Mlala Temboni

Wakuu mtanicheka.

Nimeweka karatasi. Haikunyonywa. Haikudondoka pia. Imenirukia usoni.

Nimerudia na ya pili nikidhani ni upepo wa nje. Ikaruka tena. Nikaweka kiganja mbele ya grili nikasikia hewa ya moto inanipuliza mkononi, kama mtu anahema.

#13 Kakakuona

Ngoja kwanza. Feni inapuliza mbele??

#14 Geji Mbili

Mkuu. Swali moja. Kuna mtu aligusa feni hiyo kabla ya mwezi wa pili?

#15 Mlala Temboni

Mwezi wa kwanza mwishoni feni iliungua mota, gari likachemka Manzese. Fundi umeme alinitafutia mota used, akakata plagi kwa sababu haikufanana, akaunga waya mbili kwa mkono na solotepu. Nililipa, feni ikawaka, sikufikiria tena. Kwenye #1 sikuitaja kwa sababu niliona ni habari za injini, si za AC.

#16 Geji Mbili

Ndiyo hiyo. Mota ya feni hiyo ni ya waya mbili, ukigeuza chanya na hasi haifi, inazunguka kinyume tu. Inalia vile vile, inatoa upepo pia, ila upepo unaelekea mbele. Ukienda Kibaha kwa spidi 80, upepo wa barabara unaushinda wa feni, unapata baridi. Ukisimama Ubungo, feni inachukua joto la injini inalitemea kondensa. Una bahati gari halijachemka tena. Usingeigundua, kesi ya pili ingekuwa gasketi ya silinda hedi, na hiyo kompresa ya laki 3 na nusu ingekuja kukaa mbele ya feni hiyo hiyo.

Mwambie fundi umeme mwingine ageuze waya, aunge kwa risasi na avalishe mpira wa kuziba, solotepu kwenye joto la injini inayeyuka. Rudia karatasi.

Halafu usishangae AC ikibaki na kasoro. Umejaziwa gesi mara mbili kwenye mfumo ambao huenda haukupungukiwa hata gramu.

#17 Bwana Nati

Nimesoma kimya kimya. Naomba kuuliza tu, ile Vitz yangu niliyobadilisha kompresa na bado haipozi foleni, nijaribu karatasi?

#18 Geji Mbili

Jaribu karatasi mkuu.

#19 Chumvi Kigamboni

Mimi yangu ni kweli inavuja. Najaza, wiki tatu imeisha. Kondensa ya chini imeota unga mweupe na kuna sehemu ina unyevu wa mafuta vumbi limeganda. Tunakaa karibu na bahari huku.

#20 Geji Mbili

Umeshajijibu. Gesi ikitoka inatoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo penye unyevu wa mafuta uliogandisha vumbi ndipo penye tundu. Hewa ya chumvi inakula alumini. Paka povu la sabuni hapo mfumo ukiwa na presha, litachemka. Badilisha kondensa, na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) nayo kwa kuwa mfumo umekaa wazi, kisha fundi avute hewa kwa pampu ya vakyumu si chini ya nusu saa. Hapo simaanishi kupuliza kwa kompresa ya matairi, nimeona wanafanya hivyo. Unyevu ukibaki ndani unatengeneza asidi, na kwenye kitundu cha ekspansheni unaweza kuganda barafu. Na fundi asikuachilie gesi iliyobaki hewani, inachangia joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule. Wenye mashine ya kuivuta wapo.

#21 Mlala Temboni

MREJESHO WA MWISHO, samahani kwa kuchelewa, wiki ilikuwa ya mwisho wa mwezi.

Waya zimegeuzwa Jumamosi asubuhi, elfu 10. Karatasi ikanaswa kwenye kondensa mpaka nikaivuta kwa kucha. Foleni ya Jumatatu nikapata nafuu kubwa, ila mchana bado haikuwa ile ya mwaka jana. Nikakumbuka onyo la Geji Mbili, nikaenda gereji moja Tabata wenye mashine ya kuvuta gesi.

Jamaa akafunga geji mbili, mara ya kwanza naziona zote kwa pamoja kwenye gari langu. Sailensa, AC mwisho: bluu 58, nyekundu 330. Akaniuliza nani alijaza. Nikanyamaza. Akavuta gesi yote, mashine ikapima uzito, ilikuwa imezidi ile ya kwenye stika ya boneti kwa gramu 200 na ushee. Akavuta vakyumu dakika 40, akafunga valvu, akasubiri robo saa kuona kama sindano itarudi. Haikurudi, kwa hiyo hakuna uvujaji ulioonekana. Ina maana gesi yangu ya kiwandani huenda ilikuwa salama siku zote na elfu 110 nililipa kuiharibu.

Akarudisha kipimo cha stika kwa mizani. Geji: 38 na 215. Kipimajoto cha friji tundu la katikati: 9, gari limesimama juani, saa 8 mchana. Jana nimekaa Ubungo dakika 35, mke wangu akaomba nipunguze.

Gharama ya kweli kwa jumla: elfu 10 ya waya, elfu 90 ya Tabata, na karatasi mbili za daftari la mtoto.

Geji Mbili ukifika Temboni nitafute, soda ipo.

#22 Mama Wawili

Hongera! Na chujio ulibadilisha?

#23 Mlala Temboni

Nimebadilisha mama. Ndani nilikuta risiti ya petroli ya 2019 na mende mmoja mkavu.

Halafu fundi wa tatu amenipigia leo asubuhi, kompresa ameshaipata Ilala, anauliza anipelekee wapi. Nimempa namba ya Bwana Nati.

#24 Bwana Nati

Mkuu usinifanyie hivyo. Karatasi yangu imedondoka, kesho napeleka feni.